Uzi maalumu: Kuingia kwenye swichi ya Cisco Catalyst (hasa 2960 za mitumba), kuanzia waya wa konsoli hadi SSH (njia salama ya kuingia kwa mbali)

FundiKebo

Wakuu, salaam.

Nimeona bora nifungue uzi kuliko kujibu PM moja moja. Siku hizi Catalyst 2960, swichi za Cisco za kuunganisha kompyuta kwa waya, zimejaa mtaani. Ofisi zinabadilisha vifaa, za zamani zinashuka Kariakoo, mtu anaokota ya poti 24 au 48 kwa ajili ya shule, gesti au ofisi yake ndogo. Anafika nayo, anachomeka waya, taa zinawaka kijani, kompyuta zinaonana. Halafu ananiandikia: "Mkuu, IP ya hii swichi ni ipi niingie?"

Huenda haina. Catalyst mpya haitoki kiwandani na anwani inayokusubiri kama ruta ya nyumbani inavyokaa na 192.168.1.1 yake. Ya mitumba nayo ina anwani aliyoiweka mwenyewe wa kwanza, na humjui. Swichi inapitisha data za watu mchana kutwa bila kuhitaji IP hata moja. IP ni ya wewe msimamizi kuongea nayo. Kwa hiyo kuna mlango wa pembeni usiotegemea mtandao kabisa, nao ni konsoli. Anzia hapo, kila mara.

Poti ya konsoli ina umbo lilelile la RJ-45 kama poti za waya wa mtandao, imeandikwa CONSOLE. Kwenye 2960 za mwanzo iko nyuma. Watu wanadanganyika na umbo: wanachukua waya wa kawaida wa mtandao, wanaunganisha konsoli na poti ya LAN ya laptopu, wanasubiri. Hakuna kitakachotokea hapo, kwa sababu ndani ya ile poti hakuna Ethernet. Ni mawasiliano ya RS-232, yale ya modemu za zamani. Waya wake ni ule bapa wa bluu mpauko, ambao pini 1 upande mmoja inakwenda pini 8 upande wa pili, 2 kwa 7, na kuendelea. Upande mwingine una kichwa cha DB9 chenye matundu 9. Laptopu za leo hazina DB9, hivyo unaongeza adapta ya USB, au unanunua ule waya wa kisasa wenye USB upande mmoja na RJ-45 upande wa pili, chipu ikiwa ndani ya kichwa. 2960-S na 2960-X zina pia konsoli ya mini-USB, lakini kwenye Windows ile inataka draiva ya Cisco yenyewe, kwa hiyo mimi hubeba wa bluu tu.

Ukishachomeka, fungua Device Manager, angalia sehemu ya Ports, utaona COM3 au COM5 au vyovyote. Fungua PuTTY (programu ya terminali), chagua Serial, andika hiyo COM, kasi 9600. Kisha nenda kwenye menyu ya Serial upande wa kushoto chini uhakikishe: biti 8 za data, hakuna pariti, biti 1 ya kusimama, na Flow control weka None. PuTTY inakuja na XON/XOFF hapo, ibadilishe. Bonyeza Open, skrini itakuwa nyeusi tupu. Usiogope, bonyeza Enter. Swichi haisemi mpaka isemeshwe.

Ukiona `Switch>` umefika. Uzi unaendelea, ulizeni.

Binti_Pangani

Kaka FundiKebo asante sana, umenikuta hapohapo. Mimi ni mwalimu, shuleni kwetu tumepewa 2960 na nimeachiwa mimi kwa sababu nafundisha kompyuta. Adapta ya USB nimenunua, ila Windows inaweka alama ya njano na maandishi "PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. PLEASE CONTACT YOUR SUPPLIER". Niirudishe dukani?

FundiKebo

Dada, usiirudishe kwanza. Hiyo chipu ni ya Prolific, ama ya toleo la zamani ama ya kuigiza. Kampuni ilichoka na bidhaa feki, ikaandika draiva mpya inayozikataa chipu za zamani na zile za kuigiza pamoja nazo. Chipu yenyewe kwa kawaida bado inafanya kazi, inayogoma ni draiva.

Fanya hivi: kwenye Device Manager bofya kulia kile kifaa, Update driver, kisha chagua kutafuta kwenye kompyuta yako mwenyewe, halafu uchague kutoka kwenye orodha. Kama kuna toleo la zamani la Prolific litaonekana hapo, lichague. Kama halipo, itabidi ulisakinishe kwanza draiva ya zamani ya mfululizo wa 3.3, kisha urudi kwenye orodha. Na Windows Update ikija kuibadilisha tena, unarudia.

Wanaonunua leo, tafuteni yenye chipu ya FTDI. Nazo zina feki zake, na mwaka 2014 FTDI walitoa draiva iliyozizima kabisa feki kwa kuzifutia namba ya utambulisho, watu wakapiga kelele dunia nzima mpaka ikaondolewa. Lakini ukipata halali inakaa miaka.

Kapteni_Dau

Au hamia Linux, dada. Kernel ina draiva ya Prolific ndani na haibagui. Unachomeka, unaandika `dmesg | tail`, unaona ttyUSB0. Kisha:

`screen /dev/ttyUSB0 9600`

Ikikwambia huna ruhusa, kwenye Ubuntu na Debian jiingize kwenye kundi la dialout:

`sudo usermod -aG dialout jina_lako`

Toka, ingia upya, maliza. Kutoka ndani ya screen ni Ctrl-A kisha K.

Binti_Pangani

Draiva ya zamani imekubali, alama ya njano imeondoka. Sasa naona maandishi lakini ni takataka, mistari ya alama za ajabu. Nikibonyeza Enter zinaongezeka.

FundiKebo

Takataka maana yake waya ni mzima, mnaongea kwa kasi tofauti tu. Aliyekuwa nayo aliibadilisha. Funga PuTTY, jaribu 115200, kisha 38400, 19200. Moja itasoma.

Na kwa wengine watakaopita hapa: ukiona maandishi ya kuwaka vizuri kabisa lakini kibodi haiandiki kitu, hiyo si kasi, hiyo ni Flow control. Weka None. Na skrini ikiwa tupu moja kwa moja, zima swichi uiwashe huku PuTTY iko wazi. Wakati wa kuwaka lazima iseme kitu. Ikinyamaza hata hapo, angalia COM yako au waya.

Binti_Pangani

Ilikuwa 115200! Naona jina la kampuni fulani, siyo letu, na inadai nywila.

mzee_wa_patchpanel

Hapo ndipo utamu ulipo. Mkuu FundiKebo mwaga ile ya kitufe cha Mode.

FundiKebo

Kabla sijaimwaga: hii ni kwa swichi iliyo mikononi mwako kihalali. Mtu aliyeshika konsoli na kitufe cha Mode ameshika swichi yote, hakuna nywila inayomzuia. Kwa hiyo wale wanaoacha raki wazi koridoni ofisini, nawasalimu.

Haya. Chomoa umeme wa swichi. 2960 haina swichi ya kuzimia, ni kuchomoa waya. Shikilia kitufe cha Mode upande wa mbele kushoto, rudisha umeme huku umekishikilia. Taa ya SYST itapepesa kijani. Endelea kushikilia mpaka igeuke rangi ya machungwa kidogo kisha kijani tuli, hapo achia. Kwenye konsoli utaona `switch:` peke yake. Hii siyo IOS (mfumo endeshi wa swichi za Cisco), ni kipakiaji chake cha chini. Andika:

`flash_init`
`dir flash:`

Utaona faili la config.text, ndilo lenye mipangilio yote na nywila. Kama unataka kuokoa mipangilio (mfano swichi ni ya ofisi yenu na aliyeweka nywila ameondoka), libadilishe jina tu:

`rename flash:config.text flash:config.old`
`boot`

Swichi itawaka kama mpya. Ikiuliza kuhusu initial configuration dialog jibu no. Andika `enable`, haitadai kitu. Kisha rudisha jina, pakia mipangilio na ubadilishe nywila:

`rename flash:config.old flash:config.text`
`copy flash:config.text system:running-config`
`configure terminal`
`enable secret NywilaMpya`
`end`
`write memory`

Angalia na `show ip interface brief` kabla ya kuondoka, maana kiolesura cha VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) kinaweza kuwa kimebaki kimezimwa. Kipe `no shutdown`.

Kwa Binti_Pangani ambaye mipangilio ya watu haimhusu, hakuna haja ya kuokoa chochote. Pale kwenye `switch:` futa yote mawili:

`delete flash:config.text`
`delete flash:vlan.dat`
`boot`

Ukikuta ujumbe kuwa password recovery imezuiwa, mwenye swichi aliandika `no service password-recovery`. Hapo itakuuliza kama unakubali kurudisha mipangilio ya kiwandani. Wewe kubali. Mwenye kutaka kuokoa mipangilio ndiye atakayelia.

Kapteni_Dau

Naomba nikazie hapo kwenye vlan.dat, maana watu wanafuta config.text wanadhani wamemaliza. Kwa kawaida VLAN hazikai humo, zinakaa kwenye vlan.dat pamoja na namba ya marekebisho ya VTP (utaratibu wa Cisco wa kusambaza orodha ya VLAN kati ya swichi). Swichi ya mitumba yenye jina la kikoa cha VTP sawa na lako, nywila ya VTP sawa (au hakuna pande zote mbili), na namba ya marekebisho kubwa kuliko yako: ukiichomeka kwenye poti ya tranki (inayobeba VLAN nyingi kwa pamoja), swichi zako zote zinachukua orodha yake ya VLAN na kutupa zenu. Ofisi nzima inakatika kwa dakika moja kwa sababu ya kifaa ulichokileta kusaidia.

Kwa wanaonunua mtaani sadfa ya jina ni ndogo. Hatari zaidi ni swichi yako mwenyewe iliyokaa stoo, umechezea VLAN mezani kwa mazoezi, kisha umeirudisha rakini. `show vtp status` kwanza. Ukiipeleka `vtp mode transparent` namba inarudi 0.

mzee_wa_patchpanel

Ushahidi ninao, siku hiyo hata simu za mezani zilikufa. Sitaji ofisi.

Binti_Pangani

Imewaka, naona `Switch>` jamani!! Sasa IP na hiyo SSH. Mtandao wetu wa shule ni 192.168.10.0, ruta ni 192.168.10.1.

FundiKebo

Hongera dada. Bandika hii, ukibadilisha majina na nywila:

`enable`
`configure terminal`
`hostname SW-MAABARA`
`ip domain-name shule.local`
`enable secret NywilaNdefu1`
`username msimamizi privilege 15 secret NywilaNdefu2`
`interface vlan 1`
`ip address 192.168.10.2 255.255.255.0`
`no shutdown`
`exit`
`ip default-gateway 192.168.10.1`
`crypto key generate rsa modulus 2048`
`ip ssh version 2`
`line vty 0 15`
`transport input ssh`
`login local`
`exec-timeout 10 0`
`line console 0`
`login local`
`end`

Ya kuzingatia. Anwani haiwekwi kwenye poti, inawekwa kwenye kiolesura cha VLAN, na poti yoyote ya VLAN hiyo inakufikisha. `ip default-gateway` haihitajiki ukiwa mtandao uleule, ila siku utakayotaka kuingia kutoka jengo jingine utaikumbuka. Hostname na domain-name lazima zitangulie, kwa sababu jina la ufunguo wa RSA, ambao SSH inautegemea, linatokana nazo. Modulus (ukubwa wa ufunguo) usiweke chini ya 2048. Zile 512 na 768 za zamani programu mpya zinazikataa.

Tumia `secret`, siyo `password`. Ile `service password-encryption` inayoonekana kwenye kila mafunzo inaficha tu kwa mtindo wa aina 7, unaofunguliwa na tovuti za bure papo hapo. Inamzuia anayechungulia begani, basi.

`crypto key` ikikataliwa kama amri isiyojulikana, angalia `show version`. Jina la IOS likiwa lanbase bila k9, toleo lako halina SSH, unahitaji lanbasek9.

Jambo ninalosisitiza kuliko yote: usifunge konsoli bado. Acha dirisha la konsoli wazi, fungua dirisha jingine, ingia kwa SSH kutoka kompyuta nyingine. Umeingia? Umefika mpaka alama ya `#`? Sasa ndiyo andika `write memory`. Bila hiyo umeme ukikatika, na mnajua umeme wetu, unaanza upya.

Binti_Pangani

Ping inagoma. `show ip interface brief` inaonyesha Vlan1 up halafu down.

Kapteni_Dau

Dada kuna waya wowote umechomekwa kwenye poti za mbele?

Binti_Pangani

Hapana, wa konsoli tu.

Kapteni_Dau

Basi ndiyo hiyo. Kiolesura cha VLAN hakiinuki mpaka angalau poti moja ya VLAN hiyo iwe hai, ya kawaida au tranki. Chomeka laptopu poti yoyote, ipe 192.168.10.50, subiri kama nusu dakika spanning tree (kinga ya swichi dhidi ya mzunguko wa waya) imalize hesabu zake, taa ikitoka rangi ya machungwa ikawa kijani, ping.

Binti_Pangani

Imejibu 🙏🏾 Asanteni sana.

Nahodha_wa_Likoni

Wadau hamjambo, nasoma kutoka Mombasa. Mie naona mwamsumbua bure mwalimu na hizo RSA. Swichi iko ndani ya LAN, si kwenye intaneti. Telnet yatosha, `transport input telnet` na nywila, dakika mbili kazi imekwisha. Nimesimamia hoteli miaka na Telnet na hakuna kilichotokea.

FundiKebo

Ndugu yangu, Telnet ni ya enzi ambazo wote waliokuwa kwenye mtandao walijuana. Waraka wake wa kiwango, RFC 854, ni wa mwaka 1983. Fungua Wireshark (programu ya kuchungulia data za mtandao) kwenye kompyuta yako, ingia kwenye swichi kwa Telnet, kisha chagua Follow TCP Stream. Utaona jina lako likijirudia kila herufi: `aaddmmiinn`, kwa sababu unatuma herufi na swichi inairudisha. Kisha inafuata nywila, safi, herufi moja moja, hairudiwi kwa kuwa swichi haiionyeshi kwenye skrini. Ukiiangalia mara moja hutaitumia tena. SSH yenyewe ilizaliwa hivyohivyo: mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki aliitengeneza baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake.

Na hoteli hasa ndiyo ya kuogopa, ina wageni na WiFi yao. Hebu jibu hili: mgeni wa chumbani akiandika IP ya swichi yako, anafika kwenye login?

Nahodha_wa_Likoni

Mmh. Afika, kusema kweli. Wageni wako VLAN yao lakini ruta yawapitisha.

FundiKebo

Basi kazi ya leo hiyo. Tenga VLAN ya usimamizi peke yake, tuseme 99, hamisha IP za swichi zote humo, na milango ya vty (ya kuingilia kwa mbali) uiwekee orodha ya wanaoruhusiwa:

`access-list 10 permit 10.99.0.0 0.0.0.255`
`line vty 0 15`
`access-class 10 in`

Poti za wageni na za kompyuta za kawaida zisiwemo VLAN 99 kamwe. VLAN 1 iache tupu, maana kila poti mpya inazaliwa humo. Na kama hutumii ukurasa wa wavuti wa swichi: `no ip http server` na `no ip http secure-server`.

La mwisho kwako, andika `show vstack config`. Swichi hizi zilikuwa na kitu kinaitwa Smart Install, kinasikiliza poti ya TCP 4786 bila kuuliza nywila. Aprili 2018 watu walikitumia kufuta mipangilio ya swichi nyingi, Iran na Urusi zikaumia zaidi, na kwenye mipangilio wakaacha bendera ya Marekani iliyochorwa kwa herufi na maneno ya kuwaonya wasiingilie uchaguzi wao. Dawa ni `no vstack`. IOS ikiikubali, weka.

Nahodha_wa_Likoni

Haya, umenipata. Yangu imeandika Client yenye SmartInstall enabled. Naifunga sasa hivi. Hiyo VLAN 99 nitaifanya usiku wageni wakilala, maana nikijifungia nje ni kupanda ghorofa kwa ghorofa na kebo ya konsoli.

mzee_wa_patchpanel

Ukifanya usiku, soma hii kwanza. Kuna kampuni moja fundi wa zamu alitaka kuongeza VLAN 30 kwenye tranki ya tawi la mbali. Akaandika `switchport trunk allowed vlan 30`. Hakuandika `add`. Tranki ikabaki na VLAN 30 peke yake, ya usimamizi ikatolewa palepale, dirisha lake la SSH likaganda katikati ya mstari. Tawi liko Sumbawanga, yeye yuko Dar. Ukamalizie mwenyewe.

Sahihi ni `switchport trunk allowed vlan add 30`. Na kabla ya kugusa kitu chochote cha mbali:

`write memory`
`reload in 10`

Unafanya mabadiliko bila kuyahifadhi. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 swichi inajiwasha upya na mipangilio ya zamani, unaingia tena kama kawaida. Ukifanikiwa, `reload cancel` halafu `write memory`. Usisahau hiyo cancel, wapo waliosahau wakaiona swichi ikijizima saa nne asubuhi watu wako kazini.

jirani_wa_seva

Mimi nina shida tofauti. Swichi ni 2960 ya zamani, SSH imewekwa zamani na PuTTY inaingia. Nimebadilisha kompyuta, sasa kwenye terminali napata "no matching key exchange method found. Their offer: diffie-hellman-group1-sha1".

Kapteni_Dau

Swichi haijaharibika, wewe ndiye umesonga mbele. OpenSSH 7.0 ya 2015 iliacha kuitumia hiyo group1 (njia ya zamani ya kukubaliana ufunguo) bila kuombwa, na 8.8 ya 2021 ikafanya vivyo hivyo kwa sahihi za ssh-rsa zenye SHA-1. IOS ya zamani haijui nyingine. Weka hii kwenye faili la `~/.ssh/config`:

`Host sw-zamani`
`HostName 192.168.10.2`
`User msimamizi`
`KexAlgorithms +diffie-hellman-group1-sha1`
`HostKeyAlgorithms +ssh-rsa`
`Ciphers +aes128-cbc`

Kisha `ssh sw-zamani`. Iweke chini ya Host hiyo tu, usiilegeze kwa kompyuta nzima. Ikilalamikia Invalid key length, ingia kwa konsoli utengeneze ufunguo upya wa 2048. Na kama kuna IOS mpya zaidi ya kifaa chako, ipandishe; baadhi ya matoleo yanaongeza group14 na shida hii inapungua.

jirani_wa_seva

Imeingia. Nimeshukuru mno.

Chipukizi_Temeke

Nyie na Cisco yenu. Kwa duka dogo nunua MikroTik au TP-Link, unaingia kwa kivinjari, unabofya, umemaliza. Mbona mnapenda mateso?

FundiKebo

Sibishani, kila kifaa na mlango wake. MikroTik kwa hili ndiyo bora kuliko zote: Winbox, programu yao ya usimamizi, inaiona swichi kwa MAC (namba ya kifaa chenyewe) hata kama haina IP, unaibofya unaingia. Ilikuwa 192.168.88.1 na admin bila nywila. Za karibuni zinakuja na nywila iliyobandikwa kwenye stika, usiibandue. TP-Link za JetStream kwa kawaida ni 192.168.0.1, D-Link nyingi 10.90.90.90, Netgear zile za smart 192.168.0.239, UniFi ikikosa DHCP (mgao wa anwani wa moja kwa moja) inakaa 192.168.1.20. Wewe unaipa laptopu anwani ya jirani yake, unaingia. Tahadhari moja: hizo anwani ni za kifaa kilichotoka boksini au kilichorudishwa kiwandani, na baadhi huomba DHCP kwanza. Ya mitumba irudishe kiwandani kwa kitundu cha reset kabla ya kutafuta.

Ila ukurasa wa wavuti unapita kwenye mtandao uleule unaoubadilisha. Ukikosea VLAN, ukurasa umeondoka na wewe huna konsoli. Kwa hiyo kwenye hizo acha poti moja ya mwisho, iandike kwa maka "USIMAMIZI", isiguswe na mabadiliko yoyote.

Chipukizi_Temeke

Hiyo ya poti ya maka naichukua.

Binti_Pangani

Swali la mwisho wakuu. Mkuu wa shule anataka nakala ya mipangilio kwenye flashi, na mimi siku nyingine sitakuwa na laptopu. Simu inaweza kuingia konsoli?

Kapteni_Dau

Simu ya Android inaweza, dada. Ile adapta yako ya USB ichomeke kwa kiunganishi cha OTG (cha kuunganisha vifaa vya USB na simu), pakua programu yoyote ya terminali ya USB serial, karibu zote zinazijua chipu za FTDI, Prolific na CH340. Weka kasi ile mliyokubaliana na swichi. Kwa kuwa umefuta config.text huenda sasa imerudi 9600. Ikileta takataka jaribu 115200 tena, maana kasi nyingine hukaa kwenye kumbukumbu ya kipakiaji, si kwenye config.text. Simu nyingine zinataka uwashe OTG kwenye mipangilio kwanza.

Nakala: kwenye PuTTY, kabla ya kuunganisha, nenda Logging uchague All session output na mahali pa faili. Ingia, andika `terminal length 0` ili isisimame kila ukurasa, kisha `show running-config`. Faili hilo ndilo la mkuu. Ila lina zile nywila zilizofichwa, kwa hiyo flashi isizunguke ofisini.

Binti_Pangani

Nimeipata kwenye simu, 9600 imekubali 😂 Walimu wenzangu wanashangaa nimeunganisha simu na "ile sanduku la taa". Flashi nimempa mkuu mkononi.